Kila saa nane ni saa ngapi?

Bahasha ya dawa inayotoka kwenye dirisha la famasi hapa Songea, mkoani Ruvuma, haina nafasi ya maneno mengi. Mtoa dawa huandika kwa kalamu "1x3" au "2x2", na foleni ikiwa fupi huongeza kwa mdomo: "Kimoja kila saa nane, mama." Mama anaitikia, anaifunga bahasha kwenye pindo la khanga, anaondoka. Akifika nyumbani Lizaboni, au akishuka kwenye basi huko Namtumbo, anasubiri. Saa nane mchana anameza kidonge kimoja. Kesho yake ikifika saa nane, anameza kingine.

Mama huyo hajakosea Kiswahili. "Kila saa nane" ni kila zinapopita saa nane, na ni vilevile kila siku inapofika saa nane. Aliyesomea dawa anasikia maana ya kwanza peke yake, kwa sababu ndiyo aliyofundishwa darasani. Mkulima anayepanga siku yake kwa saa ya basi, adhana na kengele ya shule anasikia ya pili. Tofauti kati yao ni vidonge viwili kila siku, na kwa mtu mwenye nimonia pengo hilo linaweza kumrudisha hospitali akiwa na hali mbaya kuliko alivyotoka.

"Kutwa mara tatu" nayo ina mtego wake. Kutwa ni mchana, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa. Usiku una neno lake, kucha. Anayelifuata neno jinsi lilivyo atameza asubuhi, adhuhuri na jioni kabla giza halijaingia, vidonge vitatu ndani ya saa kumi na mbili, kisha mwili unakaa usiku kucha bila dawa. Kwa dawa ya kichwa hilo si neno. Kwa amoxicillin, ambayo mwili huitoa upesi, usiku mzima bila dawa ni nafasi kwa vijidudu kupumua na kuanza upya. Ile "1x3" ya kalamu nayo, kwa asiyewahi kufafanuliwa, inaweza kusomeka kama kidonge kimoja kwa siku tatu.

Si Songea peke yake. Marekani, ambako mamilioni ya watu huzungumza Kihispania nyumbani, wafamasia hutahadharishwa juu ya neno moja dogo: once. Kwa Kiingereza ni "mara moja". Kwa Kihispania herufi hizohizo nne ni "kumi na moja". Lebo iliyotafsiriwa nusu nusu inaweza kumwelekeza mzee wa watu ameze dawa ya presha mara kumi na moja kwa siku. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika katika famasi za Bronx, New York. Lebo za Kihispania zilizotolewa na kompyuta zilipochunguzwa, nusu zilikutwa na makosa, yakiwemo maelekezo yaliyochanganya lugha mbili katika sentensi moja. Mashine zilikuwepo, wafamasia walikuwepo, dawa ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mgonjwa: umeelewa nini?

Mkoa wa Ruvuma una historia yake katika jambo hili, na wakazi wengi wa Songea hawaijui ingawa huipita kila siku barabarani. Ni kile kibao kilichoandikwa "Duka la Dawa Muhimu".

Kabla ya 2003, sehemu kubwa ya dawa vijijini iliuzwa katika maduka ya dawa baridi. Kisheria maduka hayo yaliruhusiwa dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu: za maumivu, za kikohozi, za minyoo. Hali halisi ilikuwa nyingine. Zahanati ilikuwa mbali, au dawa zake zimekwisha, mtoto anachemka, na muuza duka ndiye jirani. Mteja akiomba antibayotiki, alipewa, na mara nyingi aliyempa hakuwa amefundishwa ni ya nini wala inamezwaje. Nchini kote maduka hayo yalizidi 4,000, mengi kuliko vituo vya afya vya umma, ilhali famasi zenye mfamasia zilikuwa zimerundikana mijini, hasa Dar es Salaam.

Serikali ingeweza kuyafunga. Badala yake iliamua kufundisha, na ikaanzia hapa. Mwaka 2003, mwaka uleule ilipoundwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo tangu 2019 inaitwa TMDA, mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulizinduliwa mkoani Ruvuma kwa majaribio, kwa ushirikiano na shirika la Management Sciences for Health na kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Watoa dawa waliketi darasani kwa wiki kadhaa wakajifunza dalili za hatari, vipimo vya dawa, jinsi ya kuuliza na jinsi ya kueleza. Majengo yakawekewa masharti. Orodha ya dawa ikapanuliwa kisheria, antibayotiki chache za kawaida zikiwemo, ili yule jirani auze kwa ujuzi kile alichokuwa akiuza kwa kubahatisha. Matokeo yalipimwa: dawa zisizosajiliwa, ambazo awali zilikuwa 26 katika kila 100 zilizokutwa madukani mkoani humu, zilishuka hadi 2. Tabia ya kumpa antibayotiki mwenye mafua ya kawaida ilipungua kwa zaidi ya nusu. Baadaye mfumo huo ulienezwa Tanzania Bara nzima, na Uganda na Liberia zikauchukua zikaurekebisha kwa mazingira yao.

Mtu wa Songea anayesimama mbele ya duka la dawa ana sababu, basi, ya kudai zaidi kuliko kidonge na chenji. Duka linalostahili lina kibao, cheti cha usajili ukutani, na mtoa dawa aliyevaa koti jeupe ambaye hakasiriki akiulizwa amesomea wapi. Haliruhusiwi kuchoma sindano chumba cha nyuma. Halimkatii mteja vidonge kutoka kwenye kopo lisilo na jina, wala halimuuzii nusu dozi ya antibayotiki kwa sababu hela haijatosha. Hilo la mwisho linahitaji ujasiri pande zote mbili, maana nusu dozi ndiyo biashara rahisi kuliko zote: mteja anaridhika, duka linaingiza, na ugonjwa unabaki mwilini ukijifunza dawa.

Lakini duka zuri peke yake halitoshi. Mengi huamuliwa katika nusu dakika ile ya kukabidhiwa bahasha, na nusu dakika hiyo mgonjwa anaweza kuigeuza iwe dakika mbili. Asione haya. Maswali yenyewe ni ya kawaida: dawa hii inaitwaje na inatibu nini, nimeze ngapi, saa ngapi na saa ngapi, kabla ya kula au baada, kwa siku ngapi, na nikiona nini mwilini niache na kukimbilia hospitali. Swali la saa ndilo linalostahili kung'ang'aniwa. Mgonjwa asikubali "kila saa nane" wala "kutwa mara tatu". Aombe zitajwe saa zenyewe, kwa saa za Kiswahili, na ziandikwe kwenye bahasha. Dawa ya mara tatu: saa 12 alfajiri, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Dawa ya mara mbili: saa 1 asubuhi, saa 1 jioni. Saa za namna hiyo zikiandikwa, hata mjukuu wa darasa la tatu anaweza kumsimamia babu yake.

Dawa mseto ya malaria ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini saa zitajwe. Mtu mzima humeza vidonge vinne kwa mkupuo, mara sita, jumla 24 kwa siku tatu. Ugumu uko siku ya kwanza: mkupuo wa pili huja saa nane baada ya wa kwanza, lakini mikupuo ya siku ya pili na ya tatu huja asubuhi na usiku. Anayeanza saa 4 asubuhi atameza tena saa 12 jioni, kisha kesho na keshokutwa saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa, au karanga, kwa sababu dawa yenyewe haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Uji mtupu haufai kitu hapo. Mgonjwa akitapika ndani ya saa moja, mkupuo huo urudiwe, na kwa kuwa pakiti itapungukiwa, arudi dukani au zahanati kuongezewa. Kwa watoto kinachoangaliwa ni uzito. Mtoa dawa anayeuliza "ana miaka mingapi?" bila kuuliza kilo, akumbushwe kwa upole. Na kabla ya yote hayo, damu ipimwe kwanza. Baridi ya Juni na Julai huleta homa nyingi Songea ambazo si malaria hata kidogo, na dawa mseto haitibu mafua.

Dawa za watoto za maji zinastahili ukurasa wao. Amoxicillin ya maji huuzwa ikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Maji ya kuchanganyia yawe yamechemshwa yakapoa, chupa itikiswe kwanza ili unga ulegee, maji yatiwe hadi kwenye mstari, itikiswe tena, na itikiswe kila mara kabla ya kumpa mtoto, la sivyo dozi za mwanzo zitakuwa maji na za mwisho zitakuwa dawa tupu. Ikishachanganywa, bila friji haipiti siku saba. Ile chupa iliyobaki nusu juu ya kabati tangu mwezi uliopita si akiba, imwagwe. Kijiko nacho ni tatizo la kila nyumba: maelekezo husema kijiko cha chai, yaani mililita 5, na vijiko vya jikoni havilingani, kimoja hubeba tatu, kingine saba. Kikombe kidogo chenye mistari, au bomba la sindano lisilo na sindano, hupatikana dukani kwa bei ndogo. Mzazi akiliomba, mtoa dawa amwonyeshe kwa kidole mstari wa kuishia, na ikiwezekana auweke alama ya wino.

Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki. Wazazi wengi wanaijua ORS, ila huichanganya kwa kukisia. Pakiti nyingi ni za lita moja, na ziko za nusu lita; kipimo kimeandikwa kwenye pakiti yenyewe na kifuatwe hichohicho, maana ikikolea mno humdhuru mtoto. Zinki ndiyo inayosahauliwa. Huendelea siku 10 hadi 14, muda mrefu baada ya choo kuwa kigumu, na mama anayeona mtoto anacheza huona hakuna haja tena. Haja ipo: siku hizo za ziada humpunguzia mtoto hatari ya kuharisha tena katika miezi inayofuata.

Kuna jambo moja linalofanyika majumbani na kwenye vijiwe vya bodaboda ambalo linaumiza kuliona. Mtu amejikata jembe au ameanguka na pikipiki. Anachukua kapsuli ya rangi mbili, anaifungua, ananyunyiza unga wake kwenye kidonda. Kidonda kinakauka juu, kila mtu anaona dawa imefanya kazi. Chini ya gamba hilo usaha unaendelea, na vijidudu vya ngozini vimeonjeshwa antibayotiki kiasi kisichoviua. Kidonda kinahitaji maji safi mengi yanayotiririka na sabuni, kifuniko kisafi, na sindano ya pepopunda kama ni kirefu au kimeingia udongo. Kapsuli humezwa, ikiwa imeandikwa na aliyempima mgonjwa.

Wataalamu wa Tanzania wameupa usugu wa vimelea dhidi ya dawa kifupi chake, UVIDA. Ukubwa wake ulioneshwa na utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2022: mwaka 2019 peke yake, vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokwisha kuzizoea dawa. Usugu huo hautokei maabara za mbali tu. Unatokea katika kila dozi iliyokatwa siku ya pili kwa sababu homa imepoa, katika kila kidonge kilichobaki akapewa jirani mwenye dalili "kama zangu", na katika kila duka linalotoa kapsuli nne kwa shilingi mia chache. Mwenye mafua na kikohozi cha siku mbili hahitaji antibayotiki, kwa kuwa mafua huletwa na virusi ambao dawa hiyo haiwagusi. Anahitaji kupumzika, vinywaji vya moto, na paracetamol kama anaumwa kichwa. Akianza kuhema kwa shida, au homa ikapita siku tatu, aende kupimwa.

Kuhusu paracetamol yenyewe, mtu mzima mwenye afya asipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Wengi huvipita bila kujua, kwa sababu dawa moja huvaa majina mengi: imo kwenye vidonge vya kichwa, imo kwenye dawa nyingi za mafua, imo ndani ya vidonge vya mchanganyiko vya mgongo na viungo pamoja na diclofenac. Mkulima anayevuna mahindi kutwa nzima akameza aina tatu jioni anaweza kuwa amemeza paracetamol mara tatu, na ini ndilo linalobeba mzigo. Diclofenac na ibuprofen zina madhara yake: hula ukuta wa tumbo, hupandisha presha, huchosha figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha na mama mjamzito wamwambie mtoa dawa hali yao kabla hajafungua droo. Mtu anayemeza dawa hizo kila siku kwa wiki kadhaa ili aweze kwenda shamba, mwili wake unamwomba apimwe chanzo cha maumivu.

Presha na kisukari vina ugumu wa namna yake, kwa kuwa mgonjwa hajisikii mgonjwa. Anapewa vidonge vya mwezi mmoja, presha inashuka, anafurahi, anaacha. Miezi mitatu baadaye anapooza upande mmoja, na nyumbani wanasema amerogwa. Presha ilishuka kwa sababu ya kidonge. Kidonge kikiondoka, inarudi. Kama dawa inamletea kikohozi kikavu kisichoisha, au miguu inavimba, asiiache kimyakimya. Arudi kliniki aseme, kwa maana dawa za presha ni za makundi mengi na kubadilishiwa ni jambo la kawaida. Mwenye kisukari anayetumia vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide asimeze akaacha kula. Jasho jembamba, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni sukari iliyoshuka mno, na soda ya sukari au asali inywewe mara moja.

Ramadhani inapokaribia, Waislamu wa Tunduru na kwingineko mkoani wenye magonjwa haya wawahi kliniki wiki chache kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa upya kwa futari na daku, nyingine hubadilishwa, na wagonjwa wengine wataambiwa wasifunge. Kuamua mwenyewe kuruka dozi ya mchana ni hatari kuliko kuuliza.

Pombe nayo itajwe bila kuzungukwa. Anayemeza metronidazole, ile ya kuharisha damu au ya meno, ataambiwa asiguse pombe hadi siku mbili baada ya kumaliza. Wengi husikia bia. Ulanzi ni pombe. Komoni ni pombe. Mtoa dawa anayejua anaongea na nani atazitaja kwa majina, na mgonjwa anayejijua aulize mwenyewe.

Neno "dawa" linahitaji uangalifu wa aina yake. Daktari anapouliza, "Unatumia dawa nyingine yoyote?", mgonjwa hujibu hapana, akiwa na maana ya vidonge. Sindano ya uzazi wa mpango hakuihesabu. Mizizi aliyochemshiwa na shangazi yake hakuihesabu. Watu wa mkoa huu wamejitibu kwa miti tangu kale; nchi yenyewe inautambua utabibu wa asili kwa sheria ya mwaka 2002. Hakuna aibu ya kuficha. Ila mwili haubagui: mti wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kugongana na kidonge, na dawa ya kifua kikuu, rifampicin, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya dawa nyingine nyingi. Mhudumu anayeuliza vizuri husema, "Mama, kuna chochote kingine unachokunywa, unachopaka au ulichochomwa, hata cha miti?" Asiyeulizwa hivyo ajitajie mwenyewe. Njia rahisi kuliko zote ni daftari la kliniki: ukurasa mmoja wa mwisho uandikwe dawa zote anazotumia mtu, na juu yake, kwa herufi kubwa, dawa iliyowahi kumdhuru. Aliyewahi kutoka malengelenge au vidonda mdomoni baada ya kumeza Septrin asije akapewa tena kwa sababu alisahau jina.

Halafu kuna dawa nyingine kabisa, nayo Songea inaijua kuliko miji mingi kwa kuwa ni mji wa mahindi. Baada ya mavuno, dawa ya unga ya kuua dumuzi na fukusi huingia ndani ya nyumba. Viuatilifu vya maji huhamishiwa kwenye chupa za soda. Viko hata vidonge vya kufukizia ghala, ambavyo vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoua. Vyote huitwa "dawa". Mtoto wa miaka minne anayetumwa "kaniletee dawa pale dirishani" hawezi kutofautisha, na mzee asiyeona vizuri usiku hawezi pia. Dawa za wadudu zikae nje ya chumba cha kulala, kwenye vyombo vyake vyenye lebo, zimefungiwa. Dawa za binadamu zikae juu, mahali pakavu pasipo jua, ndani ya pakiti zake. Na dawa iliyopita muda ipelekwe famasi au kituo cha afya ikaharibiwe, isitupwe shimoni wala chooni. Mtu akimeza dawa na kupata upele, uvimbe wa uso au jambo lolote asilolitarajia, amweleze mtoa dawa na aombe taarifa ipelekwe TMDA, ambayo hukusanya taarifa za madhara ya dawa nchi nzima. Taarifa moja kutoka Mbinga inaweza kuonekana ndogo mpaka ifike ya kumi na moja kutoka mkoa mwingine.

Katika familia nyingi anayekwenda kuchukua dawa siye anayeumwa. Ni mjukuu, au kijana wa bodaboda aliyetumwa na cheti. Au bibi amekuja mwenyewe, lakini Kimatengo au Kindendeule ndiyo lugha anayofikiria, na Kiswahili cha dirishani kinampita. Aliyetumwa asirudi na bahasha tu. Bibi akija, aje na mtu atakayemfafanulia, na mtu huyo awe mkubwa kiasi cha kuaminika. Wafamasia waliofundishwa vizuri wana njia moja inayozidi zote, isiyogharimu hata shilingi: humwomba mgonjwa aeleze upya. Hawaulizi "umeelewa?", kwa sababu heshima humfanya kila mtu ajibu ndiyo. Huuliza hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekueleza mengi, nisije nikawa nimekuchanganya. Hebu nieleze wewe, ukifika nyumbani dawa hii utaimezaje?"

Bibi anaichukua bahasha, anaigeuza. Mfamasia kijana amemchorea jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro duara moja la kidonge. "Hiki jogoo akiwika," anasema, akiweka kidole kwenye mchoro wa kwanza. "Hiki wajukuu wakirudi shule kula. Hiki nikienda kulala. Siku saba."

"Hata ukipata nafuu siku ya tatu?"

"Saba."

"Vizuri sana, bibi."

Bibi haondoki. Foleni nyuma yake inasogea kidogo, mtu anakohoa. "Na nikisahau cha mchana?"

"Ukikumbuka mapema, meza hapohapo. Ukikumbuka usiku, wakati wa kingine umeshafika, kiache hicho, meza cha usiku peke yake. Usimeze viwili kwa pamoja."

"Viwili kwa pamoja, hapana," anarudia bibi, na sasa ndipo anapoifunga bahasha kwenye pindo la khanga.